Nyufa kwenye laka ya gitaa la zamani: je, mbao ndiyo inayopasuka?

*"Nina gitaa la akustika la mkono wa pili, limetengenezwa mwaka 1968. Ubao wa mbele ni wa sprusi na laka yake ni ya nitroselulosi. Nilipolinunua lilikuwa na mikwaruzo ya kawaida tu. Majuzi nilisafiri nalo kwa ndege kwenda mahali penye baridi kali, nikalifungua mara tu nilipoingia chumbani. Asubuhi yake nikaona mistari myembamba kama unywele, mingi, imekatiza ubao wa mbele kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili, hasa chini ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye ubao. Nikipitisha kucha naihisi kwa mbali. Sauti sioni kama imebadilika. Rafiki mmoja ananiambia mbao imeanza kupasuka, nilegeze nyuzi zote na nisilipige tena. Mwingine anasema nipige msasa na kunyunyiza vanishi mpya kabla nyufa hazijazama ndani. Nimsikilize nani?"*

Usimsikilize hata mmoja. Yule wa kwanza atakunyima tu raha ya kupiga gitaa zima, lakini wa pili anaweza kukuharibia kitu ambacho hakirudi. Kwa jinsi ulivyoeleza, kilichopasuka ni laka peke yake, yaani ile vanishi iliyopakwa juu ya mbao, na nina sababu moja kubwa ya kusema hivyo: nyufa zako zinakatiza ubao. Mbao ya sprusi haipasuki hivyo.

Tuanze na istilahi ili tusichanganyikiwe. Mafundi seremala wengi huita ile mistari ya asili inayokwenda urefu wa ubao "nyuzi za mbao". Kwenye gitaa neno nyuzi lina kazi nyingine, kwa hiyo hapa nitaiita mistari ya mbao. Kwenye ubao wa mbele wa gitaa lako mistari hiyo inatoka chini kabisa ya kiwiliwili kuelekea shingoni, sambamba na nyuzi unazopiga. Ufa wowote unaouona uupime kwanza kwa mistari hiyo: unaifuata au unaikata? Swali hilo moja linajibu nusu ya hofu yako.

Mbao ni mafungu ya mirija mirefu iliyolala upande mmoja. Kuitenganisha mirija ni rahisi, kama kupasua kuni kwa shoka. Kuikata kwa kuikingama ni kazi ngumu, na bila pigo kubwa haitokei. Ndiyo maana ubao wa mbele ukikauka kupita kiasi hupasuka kwa kufuata mistari yake, au hufunguka pale katikati vipande viwili vilipounganishwa kwa gundi. Nyufa nyingi zinazokatiza mistari, tena katika ubao ambao bado ni bapa na unatoa sauti ile ile, haziwezi kuwa za mbao. Kama zingekuwa za mbao, ubao ungekuwa umeshakunjika chini ya mvuto wa nyuzi, ambao kwa seti nyepesi ya kawaida, ile inayoanzia inchi 0.012, unakaribia kilo 73.

Sasa kwa nini laka ipasuke namna hiyo na isipasuke namna nyingine? Hapo kuna vitu viwili vilivyobandikana ambavyo havitembei kwa mwendo mmoja.

Mbao hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, lakini karibu kote huko ni kwa upana. Chukua ubao wa mbele wenye upana wa milimita 400. Unyevu wa hewa ukishuka kutoka asilimia 45 hadi 25, na ukakaa hapo kwa muda wa kutosha, maji yaliyomo ndani ya sprusi hupungua kwa takriban asilimia 3 ya uzito wake mkavu, na ubao husinyaa karibu milimita 1.8 kwa upana. Kwa urefu, mabadiliko hayo hayo hayafikii kitu cha kupimwa kwa rula. Kwa joto na baridi peke yake mbao hutembea kidogo sana, na kidogo zaidi tena kwa urefu.

Laka ina tabia nyingine kabisa. Unyevu hauisumbui sana, ila joto linaipeleka mbali. Kwa kila digrii moja ya Selsiasi, nitroselulosi hutanuka au kusinyaa mara ishirini hivi au zaidi kuliko sprusi inavyofanya kwa urefu wake. Piga hesabu kwa kiwiliwili chenye urefu wa milimita 500 kilichopoa kwa digrii 30: laka inataka kufupika kama milimita 1.5, na mbao iliyo chini yake inakubali kufupika chini ya milimita 0.1. Laka imegandamana na mbao, haina pa kwenda. Inabaki imevutwa kwa urefu wa gitaa kama ngozi ya ngoma. Kitu kilichovutwa kwa urefu hukatika kwa upana, na hiyo ndiyo sababu mistari yako imelala ubavu kwa ubavu.

Kwa upana hali ni afadhali kwa laka. Hewa ya baridi inapopashwa ndani ya nyumba huwa kavu, mbao husinyaa kwa upana, na kusinyaa huko kunaipunguzia laka mvutano upande huo. Kwa hiyo baridi na ukavu vikija pamoja huacha alama inayotambulika: nyufa nyembamba, karibu zimenyooka, zinazokingama mistari ya mbao. Wapo hata watengenezaji wanaozizalisha makusudi ili gitaa jipya lionekane la kale. Hupoza laka ghafla kwa kopo la hewa ya kupulizia vumbi lililogeuzwa chini juu, na nyufa hutokea papo hapo, zikilia tik, tik.

Bado kuna swali la umri. Laka hiyo hiyo mwaka 1968 ingevumilia safari hiyo bila alama. Nitroselulosi hutokana na selulosi, mara nyingi ya pamba, iliyotiwa asidi ya nitriki. Ikiachwa yenyewe ni ngumu na dhaifu kama ganda la yai, kwa hiyo huchanganywa na utomvu pamoja na vilainishi. Zamani kafuri na mafuta ya nyonyo vilitumika sana kwa kazi hiyo, baadaye vikaja vya viwandani. Vilainishi hivyo havijafungwa kwa kudumu. Mwaka baada ya mwaka vinatoka taratibu, huku mabaki ya kiyeyushi nayo yakiendelea kupotea, na laka inapungua ujazo ikiwa imeshikiliwa palepale. Mwanga wa jua unaongeza kazi yake: unavunja minyororo ya selulosi na kuipaka laka ule umanjano unaopendwa. Jani bichi hukunjika, jani kavu huvunjika. Laka ya zaidi ya nusu karne ni jani kavu lililokwisha kuvutwa kiasi hata kabla hujapanda ndege. Safari ilimalizia tu.

Unene nao una neno. Laka nyembamba, ya milimita 0.1 hadi 0.15, huvumilia kuliko nene, kwa sababu kadiri tabaka linavyozidi unene ndivyo nguvu ya mvutano inavyolimbikizwa ndani yake ikisubiri pa kutokea. Utaona pia kwamba laka nyembamba hutoa nyufa za karibukaribu, na nene hutoa nyufa zilizoachana. Gitaa lililowahi kunyunyiziwa tabaka la pili juu ya la kiwandani ndilo hupasuka vibaya kuliko yote. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye ushauri wa rafiki yako wa pili.

Na kwa kuwa una gitaa zee, utakutana na nyufa za sura nyingine, basi nikupe namna ya kuzisoma. Vistari vifupi vifupi vinavyofuata mistari ya mbao kwenye mgongo na mbavu za mahogani au mbao nyingine yenye vinyweleo, ni laka iliyozama ndani ya vinyweleo hivyo. Haina ubaya. Mtandao wa vipande vidogo vya pembe nyingi, kama magamba ya mamba, kwa kawaida ni ishara kwamba tabaka gumu limepakwa juu ya laini, au juu ya lile ambalo halijakauka. Hiyo ni kazi ya mkono wa mtu, haikutoka kiwandani. Nyufa zinazotawanyika kama nyota kutoka sehemu moja ni pigo, na hapo ndipo mbao nayo inaweza kuwa imevunjika hata kwa kukingama, kwa hiyo uchunguze kwa ndani. Ufa mmoja mrefu unaofuata mistari ya mbao ndio wa kutiliwa shaka. Unaweza kuwa wa laka peke yake, pale mbao ilipovimba kwa unyevu na kuivuta laka kwa upana, lakini uuchukulie kuwa wa mbao mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kuthibitisha si kazi ngumu. Legeza nyuzi kiasi cha kupitisha mkono, ingiza taa ndogo ya LED isiyotoa joto kupitia tundu la sauti, zima taa za chumba na uangalie ubao kwa nje. Ukiona mstari wa mwanga, mbao imepasuka hadi upande wa pili. Usipouona, bado hujamaliza, maana ufa wa mbao unaweza kuwa umebana. Ingiza kioo kidogo, kile cha mapambo kinatosha, ukague upande wa ndani palepale ufa ulipo: mbao ya ndani kwa kawaida haipakwi chochote, kwa hiyo ufa hauna pa kujificha. Kisha weka vidole gumba viwili, kimoja kila upande wa ufa, ubonyeze kwa zamu na kwa upole sana. Kingo zikipandana au ukisikia mlio wa kukwaruzana, ni mbao. Malizia kwa kugonga ubao kwa ncha ya kidole sehemu mbalimbali. Mlio wa kitu kinachotetemeka peke yake unamaanisha kuna taruma lililoachia, yaani moja ya vile vipande vilivyogundishwa ndani kuutia ubao nguvu.

Kipimo cha kucha ulichotumia hakitenganishi mbao na laka. Ufa wa laka hushikwa na kucha vizuri tu, na ufa wa mbao uliobana mara nyingine hausikiki kabisa.

Kuna jambo unalolichukulia kuwa limethibitishwa na huenda halijathibitishwa: kwamba laka ni ya nitroselulosi. Mwaka 1968 inaelekea kuwa kweli kwa magitaa ya nyuzi za chuma ya Marekani. Laka hii iliingia katika ufundi wa gitaa miaka ya 1920, muda uleule ilipopokewa na viwanda vya magari kwa sababu ya kukauka haraka, na Martin na Gibson wanaitumia hadi leo. Lakini gitaa la miaka hiyo linaweza pia kuwa na shelaki, vanishi ya utomvu inayoyeyushwa kwa spiriti, hasa kama ni la klasiki, au kuwa na poliesta au poliyurithani, vanishi za plastiki, hasa kama limetoka katika kiwanda cha bei nafuu au limepakwa upya. Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kitufe cha mkanda. Gusisha kijiti cha pamba kilicholowa spiriti kidogo sana, uhesabu hadi tano. Paking'ang'ania kama gundi, ni shelaki. Pasipobadilika, rudia kwa asetoni: nitroselulosi italainika na kunata, poliesta na poliyurithani hazitajali. Usifanye jaribio hilo juu ya ubao wa mbele hata kama una haraka, na tone moja linatosha. Taa ya urujuanimno husaidia bila kugusa chochote: nitroselulosi iliyozeeka hung'aa rangi ya manjano yenye ukijani, shelaki huelekea rangi ya chungwa, na mahali palipopakwa baadaye hujitokeza kama kiraka.

Kwa nini ujue? Kwa sababu matengenezo yote yanategemea jambo hili. Shelaki na nitroselulosi hukauka kwa kiyeyushi kutoka tu. Ukikirudisha kiyeyushi, hata baada ya miaka themanini, zinalainika tena, na tabaka jipya linayeyukia ndani ya la zamani. Poliesta na poliyurithani hugandishwa na mmenyuko wa kikemia na hazirudi nyuma. Hizo hazitoi vinyufa vya baridi kirahisi. Zenyewe humeguka kwa pigo na kuinuka, zikiacha doa jeupe kama maziwa mahali zilipoachana na mbao.

Sasa tuje kwenye uchaguzi ulio nao, nikianza na ule ninaoupendekeza: acha zilivyo. Najua si jibu la kuridhisha kwa mtu aliyeamka akakuta gitaa lake limechorwachorwa. Lakini vinyufa hivi havizami ndani ya mbao kadiri siku zinavyokwenda, havidhoofishi ubao, na havibadilishi sauti kwa kiasi ambacho sikio litakikamata. Wanaodai kwamba vinaiboresha sauti kwa "kuufungua ubao" nao wanatia chumvi. Kwenye gitaa la mwaka 1968 nyufa za laka huhesabiwa kuwa umri, kama mvi. Mnunuzi makini hashtuki akiziona. Hushtuka akiona hazipo mahali ambapo zingepaswa kuwepo, kwa sababu anajua mtu amepita hapo na bomba la rangi.

Ipo njia ya kuyeyusha laka ilipo ili kingo za ufa zikutane, kwa kunyunyiza mchanganyiko wa thina na kiyeyushi kinachochelewa kukauka. Kwenye picha hupendeza. Shida ni kwamba kilainishi kilichopotea hakirudi kwa thina. Laka inabaki ile ile kavu, sasa imelainishwa kwa muda, ikaongezewa kiyeyushi cha kutoka tena na kuivuta upya, na nyufa nyingi hurudi. Pamoja na hayo, vumbi na jasho la miaka hamsini lililokuwa ndani ya ufa limefungiwa humo kama mstari mweusi. Fundi mzoefu anaweza kuitumia kwa sehemu ndogo. Nyumbani usijaribu, na mvuke wake unawaka moto kwa urahisi mno.

Hali ni tofauti gitaa likiwa la shelaki. Hapo fundi hupitisha donge la pamba lililofungwa kwa kitambaa, lenye spiriti na shelaki kidogo, akizungusha mkono bila kusimama, na tabaka la juu linajiunga upya. Kazi hiyo ilikusudiwa kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa tangu mwanzo, na vinyufa vyembamba hufunga vizuri.

Kujaza kwa matone kunafaa pale laka ilipobanduka ikaacha shimo. Kwenye vinyufa vya unywele usikutumie. Kwa nitroselulosi, fundi huweka tone dogo la laka kwa ncha ya brashi, anasubiri saa kadhaa, anaongeza, hata mara sita au nane, kisha anaacha wiki mbili hadi nne. Muda huo wa mwisho ndio watu huuvunja. Laka iliyosawazishwa kabla haijamaliza kusinyaa itabonyea tena, na utaona kidimbwi. Baada ya hapo hukwangua kwa wembe uliozungushiwa utepe mwembamba kwenye ncha zake mbili, ili makali ya katikati tu yaguse tone, anafuata msasa namba 1500 na 2000 wenye maji na tone la sabuni, anamalizia kwa kung'arisha. Kwa poliesta iliyomeguka au kuinuka, supaglu nyepesi hufanya kazi hiyo, na mara nyingi hulifuta lile doa jeupe kwa kuingia chini ya tabaka. Usiichukue supaglu hiyo ukaimimina kwenye ufa wa mbao ya sprusi. Itapaka doa lisilotoka, na itaziba njia ya gundi ambayo fundi angeitumia kuunga vizuri.

Na ushauri wa msasa na vanishi mpya? Una namna mbili na zote mbaya kwa gitaa lako. Ukisugua juujuu na kunyunyiza, ufa wa chini unabaki ukitembea, na baada ya majira machache unachomoza kupitia tabaka jipya, sasa kwenye laka nene zaidi ambayo itapasuka vibaya zaidi. Ukisugua mpaka kwenye mbao, ujue ubao wa mbele una unene wa kama milimita 3 tu, na msasa hauchagui kati ya laka na sprusi. Ukipunguza robo ya milimita kwenye eneo kubwa, umebadilisha sauti na uimara wake, na hakuna wa kuirudisha. Juu ya hayo kuna bei: gitaa la kale lililopakwa upya lote, hata kwa ustadi, kwa kawaida hupoteza karibu nusu ya thamani yake sokoni. Kupaka upya ni halali pale laka inapobanduka kwa mabamba na mbao kubaki wazi, au pale gitaa lilipokwisha kuharibiwa na mpakaji wa kwanza. Lako halijafika huko.

Kwa usafi wa kila siku, tumia kitambaa laini cha pamba chenye unyevu kidogo wa maji, kisha kikavu. Mafuta ya mikono yaliyoganda yatoke kwa naftha, kiyeyushi chepesi cha petroli, iliyotiwa kwenye kitambaa, mbali na moto, kwa kuwa haiyeyushi nitroselulosi wala shelaki. Nta na king'arishi cheupe havifai kwenye laka iliyopasuka, vinajaa kwenye nyufa na kukauka kama chaki. Vyenye silikoni ni vibaya zaidi, sababu vikifika kwenye mbao hakuna laka wala gundi itakayoshika hapo siku za mbele. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET huyeyusha laka ukiwa unapiga, ikiwa mkononi mwako. Mkanda wa plastiki laini na stendi yenye mpira huacha alama inayonata, kwa hiyo vifunike kwa kitambaa cha pamba.

Kuzuia nyufa nyingine kunadai kitu kimoja cha kununua, nacho ni kipima unyevu. Weka hewa ya kasha kati ya asilimia 45 na 55. Vipima vya bei ndogo hudanganya, lakini kukisahihisha ni rahisi: jaza kizibo cha chupa kwa chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, bila maji kuelea juu, kiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ukae usiku kucha. Hewa ya humo itakuwa na unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 69, ujue siku zote kinasoma pungufu kwa 6.

Safari ijayo, kosa usilorudia ni lile la kufungua kasha. Laka, hata kavu, huweza kulegea kidogo na kuachia mvutano ikipewa muda. Inachoshindwa ni haraka. Ukitoka kwenye baridi kali liache kasha limefungwa saa nne au zaidi, na likilala hivyohivyo hadi asubuhi ni bora. Usilisogeze karibu na hita ili "lipate joto". Kasha lenye mwili mgumu na sponji nene hupunguza kasi ya kupoa na kupashwa vizuri kuliko mfuko wa kitambaa. Gari lililoegeshwa juani ni adui wa namna nyingine: hapo laka hulainika mpaka ikachukua chapa ya kitambaa cha kasha, na gundi ya daraja huanza kuteleza.

Nyuzi zako, basi, zikaze kama kawaida na upige. Kabla ya hapo fanya lile zoezi la taa na kioo mara moja. Mpelekee gitaa fundi wa ala za nyuzi ukikuta mojawapo ya haya: ufa unaofuata mistari ya mbao na kupitisha mwanga, ufa kati ya tundu la sauti na daraja kando ya kinga ya mikwaruzo, kwa maana kwenye magitaa mengi ya zamani kinga ya seluloidi iligundishwa moja kwa moja kwenye mbao, nayo ikisinyaa inaipasua, daraja ambalo karatasi inaingia chini ya ukingo wake wa nyuma, nyuzi zilizopanda juu ya shingo ghafla bila wewe kugusa kitu. Mstari wa laka pale shingo inapokutana na kiwiliwili ni wa kawaida, kwa sababu laka imepita juu ya mbao mbili zisizotembea pamoja, lakini ukiona unafunguka unapokaza nyuzi na karatasi inapenya, maungio yanaachia. Ufa nyuma ya kichwa, karibu na pale nyuzi zinapoingilia kwenye shingo, hauna mjadala: legeza nyuzi zote saa hiyo hiyo, kisha utafute fundi.

Ufa wa mbao ukigunduliwa mapema si msiba. Fundi ataurudishia ubao unyevu kwa siku kadhaa mpaka kingo zikutane zenyewe, ataingiza gundi ya moto ya wanyama au gundi nyeupe ya mbao, na kwa ndani atabandika viraka vidogo vya sprusi vya unene wa milimita 1.5 hadi 2, mistari yake ikikingama ufa. Unapomkabidhi gitaa, mwambie kabla hajaanza, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba hutaki anyunyize laka juu ya ubao wa mbele baada ya kuunga. Wengine hufanya hivyo kwa nia njema ili kazi ipendeze, na utalikuta limeshang'aa.